Al-Jahiz wa Basra hakuwa mtu wa bahari. Habari za twiga na wanyama wote wale alizipata wapi?

#1 MsomajiWaUsiku

Wakuu, salaam.

Miezi kadhaa sasa nasoma Kitab al-Hayawan cha Abu Uthman Amr bin Bahr, yule aliyepewa jina la al-Jahiz kwa sababu ya macho yake yaliyotokeza. Alizaliwa Basra karibu na mwaka 776, akafia hukohuko mwishoni mwa 868 au mwanzoni mwa 869. Nasoma chapa ya Cairo aliyoihariri Abd al-Salam Harun, juzuu saba. Niko kwenye ya kwanza bado, kamusi mkononi.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni twiga. Zama zake watu walisimulia kwamba twiga ni mtoto wa mchanganyiko: ngamia jike wa porini, ng'ombe mwitu na fisi dume. Al-Jahiz anakataa. Anasema hadithi hiyo ilizaliwa na jina. Waajemi humwita ushtur-gaw-palang, yaani ngamia-ng'ombe-chui, na watu wakaligeuza jina kuwa nasaba. Kisha anauliza: mbona mbuni nao humwita ushtur-murgh, ngamia-ndege, na hakuna anayedai kwamba mbuni amezaliwa na ngamia na ndege?

Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Sisi tuna jongoo bahari, na sijasikia mvuvi anayesema jongoo wa shambani alishuka ufukweni akaoa huko.

Swali langu: mtu huyu aliishi Basra, Baghdad na Samarra. Twiga hawako huko. Alipata wapi habari za kutosha, na ujasiri wa kutosha, kuwakatalia watu wote?

#2 NahodhaKimya

Mleta mada, shukrani. Jibu ni bandari.

Basra ilikuwa mlango wa Bahari ya Hindi. Vyombo vya Siraf, bandari ya Uajemi, na Oman vilishuka pwani yetu na kaskazi, vikarudi na kusi vimebeba pembe za ndovu, ambari na, kwa huzuni, watu. Al-Jahiz alipokuwa kijana aliuza mkate na samaki kando ya mfereji wa Sayhan. Muuza samaki wa bandarini husikia kila kitu.

Ushahidi zaidi: katika risala yake ya kuwatetea watu weusi anasema Wazanji, yaani watu weusi wa pwani yetu, wako makundi mawili, Qanbalu na Lanjuya. Lanjuya ni Unguja hiyo. Qanbalu wengi wanasema ni Pemba. Mtu wa Basra karne ya 9 anaitaja Unguja kwa jina! Alizungumza na watu wetu, hakuna njia nyingine.

#3 BintiMkwezi

Nahodha, nakuheshimu lakini hapo umevuka mkondo vibaya. Twiga Unguja umemwona wapi? Pemba je? Mimi nimezaliwa Wete, mnyama mrefu kuliko wote pale ni ng'ombe wa jirani.

Kisa chenyewe al-Jahiz anakiweka nchi za juu za Nubia. Kwa hiyo njia ya habari ya twiga ni Mto Nile na Misri. Unguja kuijua aliijua, hilo nakubali. Usiunganishe mambo mawili kwa kuwa yote yako Afrika.

#4 NahodhaKimya

Nimekubali kuhusu Nubia. Ila mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga hadi China, na huko wakamwona kuwa ni qilin, mnyama wa baraka wa masimulizi yao. Twiga alipandishwa jahazini, dada. Usidharau bahari.

#5 BintiMkwezi

Miaka zaidi ya 500 baada ya al-Jahiz! Naweka kambi hapa, nione utamleta nani tena.

#6 KijanaWaKigoma

Samahani wakuu, mimi mgeni wa mambo haya. Kwetu ukimwita mtu hayawani mnaweza kwenda polisi. Mwanazuoni kaandika juzuu saba za mahayawani?

#7 MwalimuMstaafu

Mwanangu, umeuliza jambo zuri. Hayawan kwa Kiarabu inatoka kwenye hayat, uhai. Ni kitu chenye uhai. Sisi tumelichukua neno tukaliacha na upande wake wa hasira tu, ukatili na ukosefu wa akili. Ndani ya Qurani, sura ya 29 aya ya 64, neno hilohilo al-hayawan limetumika kwa maisha ya Akhera, kwamba hayo ndiyo uhai hasa. Na sura yenyewe inaitwa al-Ankabut, Buibui.

Ukishalijua hilo, utaona kwa nini mcha Mungu aliweza kukaa miaka akiandika juu ya kombamwiko na popo bila kuona aibu. Al-Jahiz anasema waziwazi kwamba mdudu mdogo si dalili ndogo ya Muumba kuliko ndovu.

#8 Mchunguzi77

Wakuu mnazunguka. Jambo kubwa hapa ni kwamba al-Jahiz aligundua mageuzi ya viumbe miaka 1000 kabla ya Darwin. Ameandika kuhusu kugombania riziki, mwenye nguvu kumla dhaifu, na mazingira kubadilisha viumbe. Darwin alitoa kitabu chake 1859. Hesabuni wenyewe. Mbona shuleni hatukufundishwa?

#9 DaktariWaMifugo_Moro

Mchunguzi77, nimesubiri mtu alete hili.

Mimi ni daktari wa mifugo, na natamani sana ingekuwa kweli. Kifungu kinachotajwa kipo. Anasema panya hutoka kutafuta riziki yake akawala walio dhaifu kuliko yeye, naye anajificha nyoka na ndege wanaomtafuta. Kila mwindaji ana anayemwinda, na watu wao kwa wao hawako mbali na hali hiyo. Ni maelezo safi kabisa ya nani anamla nani. Nimefanya kazi mashambani miaka mingi na siwezi kuyaeleza vizuri zaidi.

Lakini kuna hatua kutoka hapo kwenda kwa Darwin. Darwin anasema walionusurika huzaa, sifa zao zikarithiwa, na kwa muda mrefu aina moja ikawa nyingine. Al-Jahiz hajengi daraja hilo. Kwake kuliwa na kula ni mpangilio wa hekima ya Mungu, kila kiumbe ni riziki ya mwenzake na ni mtihani kwake. Kuhusu mazingira, anataja chawa kuwa mweusi kwenye nywele nyeusi na mweupe kwenye mvi, na jinsi nchi ya mawe meusi inavyotia weusi watu na wanyama wake. Inavutia. Bado si asili ya aina.

Na tukumbuke aliamini pia kwamba baadhi ya wadudu hujitokeza wenyewe kwenye tope na uozo. Watu wa zama zake waliamini hivyo, na Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, aliamini hivyo karne nyingi kabla yao. Tukimvika koti la Darwin itabidi tulifiche hilo, nami sitaki kumficha al-Jahiz hata nusu.

#10 Mchunguzi77

Daktari, asante, lakini si mimi niliyebuni. Mwaka 1874 Mmarekani John William Draper aliandika juu ya nadharia ya Waislamu ya mwanadamu kutokana na viumbe vya chini. Na Ibn Khaldun, mwanahistoria yule, je? Katika Muqaddima, 1377, anasema ngazi ya viumbe inapanda kutoka madini, mimea, wanyama, hadi dunia ya nyani, kisha mtu mwenye kufikiri. Dunia ya nyani! Soma mwenyewe.

#11 MwalimuMstaafu

Hapo pana kisa ndani ya kisa. Baadhi ya chapa za zamani za Muqaddima hazina alam al-qirada, dunia ya nyani. Zina alam al-qudra, dunia ya uwezo. Kwa Kiarabu maandishi yake yanakaribiana sana, ni herufi mbili tu, ra na dal, zimebadilishana nafasi. Wapo wanaoona ni mkono wa mnakili, wapo wanaoona kuna aliyeona haya. Tafsiri ya Kiingereza ya Rosenthal ya 1958 imechukua nyani.

Lakini ngazi si safari. Ibn Khaldun anasema mwisho wa kila ngazi uko tayari kushikana na mwanzo wa inayofuata. Kama alikusudia kushikana kwa nafasi au kugeuka kwa wakati, watu wanabishana hadi leo. Mimi nimesoma mara tatu na kila mara naegemea upande tofauti.

#12 BintiMkwezi

Kwenye ngazi hiyo naomba nafasi, maana hapo pana mtende na mimi ni mtoto wa minazi.

Ikhwan al-Safa, kundi la wanafalsafa, hao pia wa Basra, karne ya 10, na baada yao mwanafalsafa Ibn Miskawayh, waliweka mtende juu kabisa ya mimea, mlangoni mwa wanyama. Sababu zao: kuna mtende dume na jike, jike hazai bila kupandishiwa mbegu ya dume, na ukiukata kichwa unakufa kama mnyama aliyechinjwa.

Nilipomsomea baba alitikisa kichwa kwa furaha. Amekwea minazi tangu ana miaka kumi na mbili. Akasema mwembe ukiukata juu unachipua ubavuni, mnazi ukiugusa moyo wake umeua. Chonga wakimaliza kilele hakuna dawa. Ila akakataa la dume na jike: mnazi mmoja una maua ya aina zote mbili kwenye karara lilelile. Kwa hiyo kwa mnazi hoja yao moja inasimama na nyingine inaanguka.

#13 KijanaWaKigoma

Chonga ni nini?

#14 BintiMkwezi

Mdudu mkubwa mweusi mwenye pembe, anatoboa kilele cha mnazi. Ukimwona ua.

#15 MsomajiWaUsiku

Narudi kwenye swali langu kabla halijamezwa na minazi. Naanza kuona jibu si chanzo gani, ni alivyohoji. Anawauliza wachinjaji, wategaji ndege, washika nyoka, mabaharia, mabedui. Al-Jahiz humwita Aristotle "mwenye mantiki" na anamtumia sana, lakini akiona shairi la bedui au neno la mvuvi linampinga, anamwambia msomaji.

Kisa kimoja, mke wangu aliposikia nacheka peke yangu alidhani napiga simu. Aristotle anataja nyoka mwenye vichwa viwili. Al-Jahiz akamuuliza bedui, bedui akaapa yupo. Al-Jahiz akauliza: anakwenda kwa upande wa kichwa kipi? Anakula kwa kipi, anauma kwa kipi? Bedui akajibu: kutembea hatembei, hujiviringisha kama watoto wanavyojiviringisha mchangani, chakula cha usiku hula kwa mdomo mmoja na cha mchana kwa mwingine, kuuma, huuma kwa vyote viwili kwa pamoja.

Al-Jahiz anamalizia: nikaona ndiye mwongo mkubwa kuliko wote.

Maswali matatu ya kawaida tu. Hakuhitaji kwenda jangwani.

#16 KaleMombasa

Ahsante kwa kisa cha nyoka. Mimi nitaleta cha nzi na kadhi, maana baba yangu alikitumia kutufundisha adabu ya kukaa kwenye kikao.

Basra kulikuwa na kadhi Abdullah bin Sawwar. Alikaa barazani tangu asubuhi hageuki, hainui mkono, hategemei mto, kama nguzo iliyosimikwa. Siku moja nzi akatua puani mwake. Akavumilia. Nzi akahamia pembeni mwa jicho, akaingiza mrija wake. Kadhi akavumilia, kisha akaanza kupepesa. Nzi akaondoka akarudi palepale penye kidonda, kwa nguvu zaidi. Mwisho kadhi akamfukuza kwa mkono, akarudi, akamfukuza kwa ncha ya shuka, watu wote wanatazama. Ndipo akasema: nakiri nzi ana king'ang'anizi kuliko kombamwiko na majivuno kuliko kunguru, na nimefedheheshwa na kiumbe dhaifu kuliko vyote. Akasoma aya ya sura ya Hajj, kwamba nzi akiwanyang'anya kitu hawawezi kukiokoa.

Angalieni macho ya mwandishi yule: pembe ya jicho, mrija, kurudi penye kidonda. Aliyeandika hivyo alimwangalia nzi kwa muda mrefu.

#17 NahodhaKimya

Sasa mniruhusu niseme jambo dhidi ya al-Jahiz, kwa ajili ya haki. Al-Mas'udi, mwanahistoria wa karne ya 10, huyu alisafiri kweli. Alipanda vyombo na manahodha wa Siraf, akafika Qanbalu, na safari yake ya mwisho kutoka huko kurudi Oman ilikuwa mwaka 304 Hijria, yaani 916 au 917. Kuhusu kifaru anasema al-Jahiz aliandika kwamba jike hubeba mimba miaka saba, na mtoto hutoa kichwa nje ya tumbo akala majani kisha akakirudisha. Al-Mas'udi akawauliza watu wa Siraf na Oman waliokuwa wakienda India. Wakashangaa. Wakasema kifaru huzaa kama ng'ombe.

Na kuna la pili. Al-Jahiz alidai mto wa Sind (Indus) unatokana na Nile, ushahidi wake ni kwamba yote miwili ina mamba. Al-Mas'udi anasema mtu huyu hakupanda bahari wala hakusafiri sana.

#18 MsomajiWaUsiku

Kisa cha kifaru al-Jahiz alikisimulia kama maneno ya Wahindi, mkuu. Kusimulia si kuamini.

#19 NahodhaKimya

Na mamba je?

#20 MsomajiWaUsiku

Mamba nakubali. Aliteleza.

#21 MuongozaWageniRuaha

Habarini. Mmemsifu al-Mas'udi, nami namwongezea kesi. Ndiye aliyeandika kwamba Wazanji huwinda ndovu kwa kutia majani, magome na matawi ya mti fulani majini. Ndovu wakinywa wanalewa na kuanguka, na hawawezi kuinuka kwa sababu miguu yao haina viungo. Kisha wanaume wanatoka mafichoni na mikuki mirefu.

Dawa ya majini siwezi kuipinga, wazee wa zamani walijua miti mingi. Ila hilo la viungo, nimekaa mbugani miaka kumi na minne. Ndovu ana goti. Mguu wa nyuma unakunjika mbele kama wa mtu. Nimewaona wadogo wamelala ubavu mchangani kwenye kingo za mto, mama amesimama kivulini, na wakiamka wanajirusha mara moja tu wako wima. Mkubwa naye hulala chini usiku, asubuhi unakuta alama ya ngozi yake kwenye udongo, mikunjo yote.

Mtu aliyefika hadi Qanbalu hakumwona ndovu akipiga goti? Nadhani pembe aliziona nyingi, mwenye pembe hakumwona.

#22 DaktariWaMifugo_Moro

Umepiga penyewe. Na Aristotle alishalikanusha hilo zaidi ya miaka 1200 kabla ya al-Mas'udi, alisema ndovu hukunja miguu akajilaza. Vitabu vyake vya wanyama vilikuwa tayari kwa Kiarabu, maqala (sehemu) 19, vilivyokuja kutafsiriwa kwa Kilatini na Michael Scot mwanzoni mwa karne ya 13 kutoka kwenye Kiarabu hichohicho. Kitabu kipo, ila habari ya baharini ilikuwa tamu zaidi.

Na kwa kuwa mmetaja ulevi: mwalimu wa al-Jahiz, al-Nazzam, alishiriki kuwanywesha mvinyo wanyama wa kila namna kwa mtukufu mmoja wa Bani Hashim, ukoo wa Mtume, ngamia, nyati, farasi, hata simba aliyefungwa. Walitaka kuona kila mmoja analewaje. Akahukumu kwamba mwenye ulevi mzuri kuliko wote ni swala. Siungi mkono kumlewesha mnyama, ila wazo la kupita mnyama mmoja mmoja na kulinganisha, hiyo ni kazi ya maabara.

#23 MfugaNjiwa

Kuhusu njiwa nina neno. Al-Jahiz anasema njiwa wa kurudi nyumbani aliweza kufikia dinari 500 Baghdad na Basra. Watu hudhani ni chumvi. Mimi nimefuga Tanga tangu utotoni. Kuna dume langu nililifungua Korogwe saa moja asubuhi, lilikuwa juu ya paa kabla sijapata basi la kurudi. Jirani alinipa ofa ambayo sitaitaja, mke wangu yumo humu. Sikuuza.

Anaeleza jinsi ya kumpeleka mbali kidogo kidogo, kituo baada ya kituo. Hivyohivyo ndivyo tunavyofanya.

#24 MtotoWaLamu

Babu yangu alikuwa na kitabu kingine, Hayat al-Hayawan cha al-Damiri, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Al-Damiri wa Misri, alianza maisha kwa kushona nguo, alimaliza kitabu mwaka 773 Hijria, akafariki 1405. Kimepangwa kwa herufi, simba kwanza. Kila mnyama: jina, tabia, hukumu ya kumla, methali, faida za dawa, na maana yake ukimwota. Majirani walikuja asubuhi, "nimeota nyoka", babu anafungua.

Ila nilipokua nikatafuta bata bukini, nikakuta kurasa kwa kurasa za historia ya makhalifa! Kwa sababu bukini walimlilia Sayyidna Ali alfajiri aliyopigwa upanga, mwandishi akaanza hapo akawataja makhalifa mmoja baada ya mwingine.

#25 BintiMkwezi

Kama uzi huu.

#26 HojaNaDalili

Ndugu zangu, tusisahau al-Jahiz alikuwa Muutazila, wa kundi lililotanguliza akili katika itikadi, na mwanazuoni Ibn Qutayba alimshambulia kwa ukali, akamtuhumu kuidhihaki Hadithi. Kuchukua elimu ya wanyama sawa, lakini msomaji mchanga ajue anamsoma nani.

#27 MwalimuMstaafu

Ni kweli, na ni vizuri umesema. Ongeza kwamba Ibn Qutayba huyohuyo ana sehemu ya tabia za wanyama katika kitabu chake Uyun al-Akhbar. Walipingana kwenye itikadi, kwenye nyuki na chungu wakasoma kwa wale wale.

#28 NahodhaKimya

Mimi nabaki na bandari yangu. Babu yake al-Jahiz anasemekana alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia. Unguja aliitaja kwa jina. Na miezi michache baada ya kifo chake, Septemba 869, watumwa wa mashamba ya Basra wakaasi, vita vya miaka 14. Watu hao aliishi nao mtaani maisha yake yote. Huwezi kuniambia hawakumwambia kitu juu ya wanyama wa kwao.

#29 BintiMkwezi

Sikuambii hawakumwambia. Nakuambia twiga hatoki Unguja.

#30 MsomajiWaUsiku

Shukrani wote. Nimeandika pembeni: bandari, Nubia, washika nyoka, Aristotle, na kile cha kuuliza maswali matatu. Sijui nifute kipi.

Leo nafika mahali ambapo mwenye mbwa na mwenye jogoo wanaanza kubishana nani bora. Mabishano yao yanachukua sehemu kubwa ya juzuu mbili za mwanzo. Na kumbukeni aliandika kazi hii akiwa mgonjwa, mwenyewe anaulalamikia ugonjwa kwamba ulimpunguzia alichotaka kufanya.

#31 KijanaWaKigoma

Nani anashinda, mbwa au jogoo?

#32 MsomajiWaUsiku

Bado kurasa nyingi. Mwenye jogoo ametoka kumtukana mbwa kwa ubahili na uchafu, sasa ni zamu ya mwenye mbwa. Kesho nikitoka kazini nitawaletea.